Hakuna Kusoma Mbele

Msusi hufanya kazi nyuma ya watu. Ni jambo dogo, lakini ukilifikiria sana laweza kukukosesha raha. Mshonaji humpima mtu kifua kwa kifua. Daktari humwambia mgonjwa fungua mdomo. Msusi yeye husimama nyuma mchana kutwa, vidole vimezama kwenye kichwa cha mtu, na uso wa mtu huyo huuona kwenye kioo tu. Mteja akiinamisha kichwa, uso unaobaki kwenye kioo ni wa msusi mwenyewe.

Mwanamke ninayewasimulia habari zake aliishi hivyo miaka mingi. Watu walimwita Mama Subiri. Msidhani alikuwa na mtoto wa jina hilo; mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa majokofu katika mji wa mbali, na alipiga simu pale alipokumbuka. Jina lilitokana na mdomo wake. Subiri kidogo. Subiri, usitikise. Subiri, bado upande huu. Mkono wake haukuwa na haraka, na waliopenda haraka walikwenda kwingine.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na kibanda cha mitumba. Ndani palikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka tena, benchi, kioo kikubwa kilichopasuka kwenye kona na kuzibwa kwa tangazo la mafuta ya nywele, na birika la umeme la kuchemshia maji ya kuchovyea ncha za rasta, maana rasta isipochovywa hufumuka. Nyuma ya pazia ndiko alikolala na kupika. Jioni alikula amekaa kwenye kiti cha wateja, kwa kuwa ndicho pekee chenye pa kuegemea. Hivyo alikula mbele ya kioo. Mtu akila mbele ya kioo, apende asipende, ana mgeni. Tatizo ni kwamba mgeni huyo hana jipya la kusema.

Zamani wateja walizungumza. Walimletea habari za wakwe, za mabosi, za waume waliosema wanakwenda kununua chumvi. Siku hizi mteja anakaa, anaziba masikio na vile vidude vya simu, anafumba macho, na akifumbua amependeza. Mama Subiri hakuwalaumu. Ila zilikuwapo siku ambazo, akifunga mlango, aligundua kwamba neno alilolisema kwa wingi tangu asubuhi ni "inamisha".

Ndipo akaja Karani.

Karani alikuwa karani kweli, wa mahakama, amestaafu, mjane, kichwa kimejaa mvi laini kama pamba. Maisha yake yote alikuwa ameandika maneno ya watu wanaobishana bila ruhusa ya kutia lake hata moja. Sasa alikuwa huru, na maoni yalikuwa yamemjaa mpaka kooni, lakini nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Siku ya kwanza alikaa kitini na kitabu mapajani. Mama Subiri akagawa nywele, akaanza kusuka. Baada ya muda kichwa kikaanza kutikisika chini ya vidole.

"Subiri, usitikise. Unacheka nini?"

"Kitabu tu."

"Kinasemaje?"

"Ah, upuuzi. Dereva wa lori kampenda nesi kwa jinsi anavyochoma sindano."

"Kamchoma wapi?"

Karani akainua macho, wakatazamana kwenye kioo. "Swali zuri. Mwandishi hakusema."

"Basi soma kwa sauti. Kichwa chako ninacho mimi, huendi popote. Na mimi siendi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Karani alisoma kwa sauti ile ya kusoma hukumu, tambarare, isiyopendelea upande, hata pale dereva alipopiga magoti. Mama Subiri alisuka na kusikiliza. Yeye mwenyewe kusoma alijua, ila kwa taabu. Shule aliiacha angali mdogo, na maandishi aliyoyazoea yalikuwa ya kwenye makopo ya mafuta. Hakuwa amejua kwamba kitabu ni kitu unachoweza kukibishia.

Alipojua, hakushikika.

"Huyo mwandishi hajawahi kupika," alisema siku moja. "Mwanamke kaweka mafuta jikoni, kaongea na mumewe kurasa nzima, anaachwa, analia, anasamehe, na vitunguu haviungui?"

"Ni riwaya, mama. Vitunguu vya riwaya vina subira."

"Na hii mvua. Kila mtu akitaka kulia, mvua inanyesha. Mimi nimelia kiangazi kizima, hata wingu halikuja kunisalimia."

Karani naye alikuwa na chuki zake. Hakupenda mashujaa warefu. Hakupenda wafu wanaohutubia kabla ya kukata roho. Kitabu cha upelelezi kilichomfichua muuaji kuwa mshona viatu alikifunga kwa kishindo. "Ushahidi hautoshi," alisema. "Ningekuwa hakimu, yule angekuwa nyumbani anakunywa chai." Mama Subiri alisema muuaji alijulikana tangu sura ya pili kwa sababu alikuwa mpole mno. Walibishana mpaka mwenye kibanda cha mitumba, mwanamke mwenye sauti ya mnadani, akachungulia mlangoni kuuliza nani kaibiwa.

Kwa kufumua nywele walisoma kitabu chembamba. Kwa kusuka walisoma kinene. Wakawa na desturi mbili. Ya kwanza: rasta ya mwisho haichovywi mpaka sura iishe. Ncha ilining'inia sikioni mwa Karani, maji yalipoa kwenye birika, yakachemshwa upya, na hakuna aliyelalamika. Ya pili: hakuna kusoma mbele. Hii ilitungwa baada ya Karani kubeba kitabu nyumbani siku moja na kurudi na uso wa mtu anayejua. Kila Mama Subiri alipomtetea mtu fulani, Karani alibana midomo. "Umesoma," Mama Subiri alisema. Akakana. Akakiri. Tangu siku hiyo vitabu vililala saluni, kwenye droo ya vitana, na kipande cha rasta kikawekwa pale walipofikia.

Lakini jambo moja hawakulifanya. Hawakutembeleana. Namba za simu walipeana, kwa ajili ya kupanga siku ya kusuka basi. Karani alikuwa mteja, Mama Subiri alikuwa msusi, na urafiki wao wote ulikaa juu ya kiti kimoja kibovu.

Kitabu cha mwisho walichokianza kilikuwa cha ndugu wawili wa kike waliogombana baada ya mazishi ya baba yao na kuigawa nyumba kwa ukuta wa mbao. Ukuta ulipita katikati ya jiko. Mkubwa akabaki na meko, mdogo akabaki na bomba. Badala ya kugonga na kuomba maji, mkubwa alinunua ndoo akawa anachota mtaa wa pili; badala ya kuomba moto, mdogo alikula vitu vibichi na mkate. Miaka ikapita hivyo, kila mmoja akisikia vyombo vya mwenzake vikigongana upande wa pili.

Hapo walibishana kuliko wakati wowote. Mama Subiri ni kifungua mimba. Amebeba wadogo zake mgongoni na kuwafulia nepi. Karani ni kitinda mimba.

"Mdogo ndiye mwenye makosa," alisema Mama Subiri, akivuta rasta kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mkubwa haombi maji. Mkubwa anapelekewa maji."

"Aa, hapo ndipo mnapokosea nyie wakubwa. Mnakaa kama sanamu, mnangoja kupelekewa. Mdogo angejuaje kwamba anangojwa?"

"Kwani masikio hana? Anasikia ndoo inavyoburuzwa."

"Na mkubwa hana mdomo? Aseme."

"Wewe ni mtoto wa mwisho, huwezi kuelewa."

"Mimi nimekuzidi umri."

"Umri ni kitu kingine. Utoto wa mwisho hauponi."

Karani alicheka mpaka Mama Subiri akamwambia asitikise. Siku ile waliishia mahali pabaya: mdogo ameamka asubuhi, akatega sikio kama kawaida, na upande wa pili hakuna kinacholia. Hakuna sufuria, hakuna ndoo. Sura ikaisha hapo. Mama Subiri alichovya rasta ya mwisho, akaweka alama, akafunga droo.

"Kesi inaahirishwa," alisema Karani, akijitazama kwenye kioo, huku na huku. Kisha akagusa kichwa karibu na sikio, kama mtu anayetafuta kitu. "Nywele zangu zimepungua, au naona vibaya?"

"Umri, mama. Zangu je?"

Akaondoka.

Muda wa kufumua ulipofika, hakuja. Mama Subiri alisema moyoni, ataongeza siku, msuko bado mzuri. Siku zikaongezeka. Alianza kuuangalia mlango wa kioo kila ulipotikiswa na upepo. Droo ya vitana aliifungua asubuhi, akakiona kitabu, akachukua kitana, akaifunga. Kusoma mbele hakukumjia hata akilini. Ingekuwa kama kumega chakula cha mtu aliyekwenda kunawa mikono.

Kupiga simu je? Hapo palikuwa na ukuta. Mafundi wana sheria yao: mteja hafuatwi. Msusi anayemfuata mteja ana njaa, au ana la kuficha, na hapo hata kama akimpata, mteja hukaa kitini kwa kumhurumia. Mama Subiri aliliangalia jina la Karani kwenye simu jioni baada ya jioni, akala chakula chake, akamtazama mgeni wa kwenye kioo.

Kisha akamwona.

Ilikuwa mchana, mbele ya duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Karani alikuwa amempa mgongo, anaingia. Kichwani alikuwa na rasta. Nyembamba, nadhifu, mistari imenyooka, hakuna hata unywele mmoja uliotoroka. Msusi akiona kichwa kilichosukwa huona mkono wa aliyesuka, kama vile mshonaji anavyoona mshono. Ule mkono haukuwa wake. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Alisimama pale na mfuko wake wa rasta mpya, magari yakipita kati yao, na mlango wa duka la dawa ukajifunga.

"Nimemwona Karani wako," alisema mwenye mitumba siku chache baadaye, maana jirani hana dogo. "Kapendeza huyo. Kapata msusi gani?"

"Watu wana uhuru wao."

"Na vitabu anamsomea nani sasa?"

Mama Subiri alimsuka msichana mwenye vidude masikioni, na kila alipomaliza mstari alijikuta anafikiri: na yule naye, anayesuka vizuri hivyo, anamsikiliza? Anambishia? Au anaitikia tu ndiyo, ndiyo, kama mtu wa dukani? Wivu wake haukuwa wa nywele. Nywele angegawana na mji mzima.

Miezi ikaenda hivyo. Vumbi halikuingia kwenye droo, lakini aliifuta.

Siku moja, Mama Subiri akiwa anasuka, mwenye mitumba alikuja na chai yake, akakaa kwenye benchi, akaanza kulalamika biashara. "Afadhali leo nimempata mteja. Yule Karani wako, kanunua vitambaa vya kichwa, kachukua karibu fungu zima. Na uchaguzi wake! Anataka pamba tupu. Kavishikashika, kavipitisha shavuni. Eti kisiwe na mshono katikati, kisikwaruze."

Vidole vya Mama Subiri vilisimama.

"Kisikwaruze nini?"

"Sijui. Kichwa. Kwani kitambaa kinavaliwa wapi?"

"Mtu mwenye rasta kitambaa hakimkwaruzi," alisema Mama Subiri polepole. "Rasta zenyewe ndizo zinazokwaruza kitambaa."

Mwenye mitumba akaacha kunywa chai. Mteja kitini akatoa kidude sikioni, akauliza kama kuna tatizo. Mama Subiri alimwambia asubiri kidogo. Kwa mawazo alikuwa amerudi ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la dawa, na safari hii aliziangalia zile rasta jinsi alivyopaswa kuziangalia tangu mwanzo. Zilikuwa sawa mno. Nywele za mtu aliye hai huota. Baada ya wiki chache shina huinuka, mstari hulegea shingoni. Zile zilianza zote mahali pamoja, kama kofia. Wigi. Yeye, ambaye mkono wake umesuka vichwa vya nusu ya mtaa, hakulitambua wigi. Na chini ya wigi, mabega. Gauni lilikuwa limemning'inia Karani kama limeazimwa. Aliyaona hayo siku ile ile, macho yake yalipita juu yake, yakaenda kwenye mistari. Alitazama kichwa, hakumtazama mtu.

Jumatatu saluni haifunguliwi. Mama Subiri alivaa gauni lake la kutokea, akachukua kitabu, akaenda.

Nyumba aliijua kwa masimulizi: ghorofa iliyo juu ya duka la rangi, ngazi ya nje, mlango wa kijani ambao Karani alikuwa akisema unahitaji kupakwa rangi na duka liko pale chini na hajawahi kushuka kununua. Alipanda. Alisimama mbele ya mlango. Ndani hapakuwa na sauti ya chombo chochote, na nisiwafiche, alitaka kushuka. Kisha akagonga.

Ilichukua muda. Karani alifungua akiwa na kitambaa cha pamba kichwani. Nyusi hakuwa nazo. Walitazamana, na hapo Mama Subiri aliona jambo ambalo hakuwa amelitazamia: hawakuwahi kutazamana hivi, ana kwa ana, bila kioo. Uso wa Karani ulikuwa umepinduka. Kidoti alichokijua upande wa kushoto kilikuwa upande wa kulia.

"Umekuja kuniona mimi au umekuja kuona kichwa?" aliuliza Karani.

"Nimekuletea kitabu."

"Ingia."

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa. Vitabu vilikuwa vimepangwa mpaka dirishani. Karani alikaa kitandani, akamwonyesha kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nije saluni kufanya nini? Nikae kwenye kiti cha watu sina hata unywele mmoja?"

"Ungekuja kusoma."

"Hukuwahi kuniambia nije kusoma. Ulikuwa unaniambia nije kusuka." Akalishika lile wigi lililokuwa juu ya meza kama paka aliyelala. "Na wewe namba unayo. Ningejuaje kwamba nangojwa?"

Mama Subiri akafungua kitabu kwenye kipande cha rasta. "Tulifika hapa. Upande wa pili kumenyamaza."

Karani akabana midomo.

Ule mdomo Mama Subiri aliujua. Akakifunga kitabu polepole. "Umesoma."

"Sikiliza."

"Umesoma mbele."

"Nilikipata kingine kwa muuza vitabu vya zamani. Pale hospitali unakaa benchi tangu asubuhi, unangoja jina lako. Nikaanza kidogo." Alivuta pumzi. "Sikuwa na uhakika kama nitakuwepo mpaka mwisho wake, mwenzangu. Nikataka kujua."

Mama Subiri aliangalia dirishani. Ndugu zangu, wigi alikuwa amekwisha kulisamehe kwenye ngazi. Ukimya alikuwa amekwisha kuusamehe mlangoni. Hili la kitabu lilimchoma. Karani alikuwa amekaa kwenye benchi lile siku baada ya siku, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Yeye nafasi ile aliitumia kuifuta droo.

"Nisomee," alisema Karani. "Mwisho sitausema. Macho yangu siku hizi yanaruka mistari."

"Mimi sisomi vizuri. Unajua."

"Kwani mimi nasuka vizuri?"

Akasoma. Alifuata mstari kwa kidole, akikanyaga neno moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Mengine yalimshinda, akarudi nyuma, akayarukia. Karani hakumsahihisha hata mara moja. Aliegemea mto, macho amefumba, na pale mdogo alipousogelea ukuta na kurudi, akausogelea na kurudi, alisema tu, "Hm."

"Hm nini?"

"Endelea."

Jumatatu zikawa za kusoma. Kurasa zilikwenda pole, na wote wawili walipenda iwe hivyo. Mama Subiri hakujua mikono yake aiweke wapi wakati wa kubishana. Mara nyingi aliuweka mtandio wake mapajani akasuka nyuzi za pindo. Walibishana kidogo kuliko zamani. Karani alichoka upesi. Lakini alikuwepo.

Walipobakiza sura moja, Mama Subiri alikuta mlango uko wazi na mwanamke kijana anafunga masanduku.

"Shikamoo. Wewe ndiye Mama Subiri? Mama kakutaja sana. Nimekuja kumchukua, akae kwangu. Huko kuna hospitali kubwa zaidi."

"Marahaba, mwanangu. Lini?"

"Gari liko chini."

Karani alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu tayari. Binti alishuka na sanduku.

"Sura moja," alisema Mama Subiri.

"Soma mwenyewe. Kisha uniambie nani mwenye makosa."

"Peke yangu?"

"Nimesoma mbele mimi, na nimekosa raha. Wewe soma nyuma. Tutaona." Akainuka, akamshika mkono, na kwa muda vidole vya Mama Subiri vilipanda vyenyewe mpaka kwenye kitambaa cha pamba, vikalainisha mkunjo karibu na sikio. Ndipo Karani akashuka ngazi, ngazi moja, anapumzika, ngazi moja.

Sura ile ilikaa kwenye droo siku nyingi. Hatimaye Jumatatu moja Mama Subiri alifunga mlango wa kioo, akachemsha maji kwa mazoea tu, akakaa kwenye kiti cha wateja na kukifungua kitabu. Alisoma kwa sauti. Sauti yake mwenyewe ilimshtua ndani ya chumba kitupu. Hakuna aliyesema hm. Mdogo alisimama mbele ya mbao mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuogopa kukataliwa, kitabu kilisema. Aliogopa kwamba hakuna mtu tena wa kumkataa. Mwishowe akagonga. Upande wa pili palikuwa kimya, kimya, kisha kijiko kikagonga sufuria, mara moja, bila nguvu. Kitabu kikaishia hapo. Hakikusema kama ukuta ulibomolewa.

Mama Subiri aliinua macho akakuta mgeni wa kwenye kioo anamwangalia, uso umelowa. Nje jua lilikuwa kali. Hata wingu halikuja.

Akachukua simu. Ujumbe wa sauti alikuwa anatuma kwa mwanawe tu, maneno mawili matatu. Safari hii alishikilia kitufe na kuongea.

"Karani, nimemaliza. Kwanza, mwandishi huyu ni mvivu. Ukuta ule ubomolewe, ana haraka ya kwenda wapi? Pili... nimehama. Mdogo hana makosa. Mtu akikaa anasikia kimya upande wa pili, miguu inakuwa mizito. Si kiburi. Mimi nilikuwa nadhani ni kiburi. Hivyo umeshinda, basi. Furahi."

Akatuma. Alama ya kufika ikaonekana, ya kusikilizwa haikuonekana. Wala siku ya pili, wala siku zilizofuata. Alisuka. Alisema inamisha. Alikula na mgeni wake. Mwenye mitumba alileta chai na, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuuliza chochote.

Jibu lilikuja mchana, saluni ina mteja, msichana wa benki mwenye haraka, na imebaki rasta moja ya kuchovya. Simu ikatetemeka kwenye droo ya vitana. Mama Subiri akaitoa kwa vidole vyenye mafuta, akaibonyeza.

Sauti ya Karani ilikuwa imekonda, lakini ilikuwa ile ile, tambarare, ya kusoma hukumu. "Nimelazwa, ndiyo maana nimechelewa. Sasa sikiliza. Wewe huna msimamo. Yaani nimekaa hapa nimejiandaa kukwambia kwamba mimi nimehamia kwa mkubwa, nawe unahama? Mdogo ana makosa matupu. Mtu amelala, hana hata nguvu za kuinua kijiko, aite vipi? Wa kugonga ni yule mwenye miguu. Hoja yangu ya kwanza ni hii..."

Msichana wa benki alitoa vidude masikioni. "Mama, hii moja unachovya saa ngapi? Nachelewa."

Maji kwenye birika yalikuwa yanachemka. Mama Subiri aliizima swichi, akaegemea ukuta, ncha ya rasta mkononi mwake.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Bado anasema."